Spea za mfumo wa mafuta za Land Rover Series: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye Land Rover za Series II, IIA na III, yaani zilizotoka kiwandani kati ya 1958 na 1985, zenye injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 2,286, iwe ya petroli au ya dizeli. Kama injini ya gari lako iling'olewa zamani ikawekwa ya Isuzu au Toyota, jambo ambalo kwetu si geni, soma sehemu ya tenki na ya mipira, mengine ruka.

Mimi si muuza spea. Nina 109 ya petroli (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma; fupi ni 88), Series III, ninayohangaika nayo hapa Arusha kwa miaka mingi, na nimeshanunua vitu vingi ambavyo gari halikuvihitaji. Ndiyo maana majibu mengine yanaanza kwa kukurudishia swali.

Kabureta yangu imekwisha. Nitapata wapi mpya?

Nani kasema imekwisha? Sikuulizi kwa kejeli. Wengi wanaokuja na swali hili wameambiwa hivyo na fundi aliyefungua boneti, akasikiliza injini ikimisi, akatikisa kichwa.

Gari langu liliwahi kuanza tabia ya kuzima njiani. Natoka Arusha vizuri, nikikaribia Makuyuni injini inakohoa, inamisi, inazima. Nikikaa pembeni dakika ishirini linawaka kama vile halijaumwa kamwe. Fundi wa kwanza akasema kabureta. Nikanunua. Wa pili akasema pampu. Nikanunua. Safari iliyofuata likazima palepale, kama lina miadi na ile kona. Dereva wa lori aliyesimama kunisaidia hata boneti hakuigusa. Alizunguka, akafungua kifuniko cha tenki, na sote tukasikia "fyuuu", tenki likivuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka kupiga mbizi. Miezi michache nyuma kifuniko changu kilikuwa kimeibwa, nikanunua kingine kilichoenea vizuri mdomoni lakini hakina tundu la kupumulia. Pampu ikivuta petroli, hewa haiingii kuziba nafasi yake, hatimaye pampu inashindwa kuvuta. Ukisimama, hewa inapenya polepole, gari linawaka. Spea niliyoihitaji ilikuwa kifuniko.

Kwa hiyo fanya hivi kwanza, injini ikiwa baridi na pasiwe na mtu mwenye sigara karibu. Chomoa paipu inayoingia kwenye kabureta, mdomo wake uuweke ndani ya chupa safi, kisha piga kile kijiti cha mkono kilicho chini ya pampu. Kikiwa hakina uzito wowote, usikimbilie kusema pampu imekufa: zungusha injini kidogo ujaribu tena, kwa sababu kamshafti (shafti ya injini inayousukuma mkono wa pampu) ikiwa imeusukuma mkono wa pampu hadi mwisho, kijiti kinacheza bure. Petroli ikiruka kwa mapigo ya nguvu, basi tenki, paipu na pampu havina kosa, na sasa una haki ya kuitazama kabureta. Ikitoka kwa kudondoka, iache kabureta ilipo, rudi nyuma.

Nitajuaje gari langu linatumia kabureta ipi?

Soma maandishi yaliyochorwa kwenye mwili wake. Za petroli za zamani zilitoka na Solex 40 PA10. Kuanzia mwaka 1967 hivi ikaja Zenith 36 IV, ambayo ndiyo iliyo kwenye nyingi za Series III. Utakuta pia Weber 34 ICH, lakini hiyo iliwekwa baadaye na mwenye gari kama mbadala. Chini yake mara nyingi kuna bamba la kuunganishia, kwa sababu matundu ya Weber na ya manifoldi (njia inayopeleka petroli na hewa kwenye silinda) hayakutani.

Ukiwa na 109 ya silinda sita, ile ya lita 2.6, uko kwenye ulimwengu mwingine kabisa wa kabureta na pampu, na spea za silinda nne hazitakusaidia.

Usitegemee kadi ya gari. Kadi inasema 1972, lakini injini inaweza kuwa ya gari lililochinjwa, yaani lililofumuliwa kwa ajili ya spea, mwaka 1985. Futa grisi, washa tochi, soma.

Zenith inakunywa sana na injini haitulii nisipokanyaga mafuta. Ninunue Weber?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo vumilia.

Zenith 36 IV ina ugonjwa wake maarufu, na dawa yake haifiki bei ya chakula cha mchana. Sehemu ya juu na ya chini za kabureta hukutana kwenye nyuso mbili bapa. Miaka arobaini ya mafundi kukaza skrubu kwa nguvu zote huipinda sehemu ya juu. Kati ya nyuso hizo kuna oringi moja ndogo ya mpira ambayo hukauka, ikakatika, na mara nyingi ukifungua hata haipo, kwa sababu fundi aliyetangulia aliidondosha na hakujua ilikuwa ya kazi gani. Matokeo yake petroli inavuja ndani kwa ndani, inaingia kwenye injini bila kupita kwenye jeti (kitundu kinachopima petroli) inayotakiwa. Moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi kama masizi ya sufuria, na injini inayozima kila unapofika kwenye taa.

Fungua kabureta. Chukua kipande cha kioo kinene, cha dirisha kinafaa, kiweke kwenye meza isiyoyumba. Bandika juu yake msasa laini wa maji, uloweshe kidogo. Ondoa kwenye sehemu ya juu kila kinachong'oka, kisha isugue uso chini kwa mzunguko wa namba nane, bila kugandamiza. Baada ya mizunguko michache igeuze uitazame: palipong'aa ndipo palipokuwa pameinuka, palipobaki na weusi ndipo shimo lilipo. Endelea mpaka uso wote ung'ae rangi moja. Fanya hivyohivyo kwa sehemu ya chini. Osha kwa petroli, puliza kila tundu kwa upepo wa kompresa, weka oringi mpya na gasketi mpya, kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba na kwa nguvu za mkono wa mtoto.

Oringi hiyo inauzwa ndani ya paketi ya ukarabati pamoja na gasketi, sindano ya kuzuia mafuta na dayaframu (utando mwembamba wa mpira). Nchini Uingereza kampuni ya Burlen ya Salisbury inatengeneza na kuuza vifaa vya Zenith hadi leo. Ukiipata oringi ya ukubwa uleule kwa wauza oringi wa haidroliki, hakikisha ni ya mpira unaostahimili petroli. Ile ya maji itavimba ndani ya wiki moja.

Sasa Weber. Ni kabureta nzuri, rahisi, inabana matumizi, na ikiwa Zenith yako imepasuka au ekseli ya kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) imelika mpaka inacheza, basi chukua. Utapoteza nguvu kidogo kwenye mwendo wa juu, na 109 haina nguvu ya kupoteza. Lakini kununua Weber ili kukwepa oringi ni sawa na kuhama nyumba kwa sababu ya bomba linalovuja.

Na hii ekseli ya kipepeo inayocheza, hakuna dawa?

Ipo. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma, atanue tundu kidogo na kuingiza bushi za shaba. Mwenye mkono mzuri anaimaliza siku moja. Usimkubali anayetaka kuzungushia ekseli utepe.

Kujua kama inacheza vya kutosha kuleta shida: injini ikiwa inanguruma taratibu, pulizia mafuta mepesi kidogo pale ekseli inapoingia kwenye mwili. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia hapo. Fanya hivyo mbali na bomba la moshi lenye moto, tafadhali.

Kipi ninunue kipya na kipi nikarabati cha zamani?

Msimamo wangu, na najua kuna mafundi wasionikubali: chuma cha zamani, mpira mpya.

Mwili wa kabureta, mwili wa pampu, mabomba ya shaba, kikombe cha kioo, hivi vilivyotoka na gari usivitupe. Vilitengenezwa vizuri kuliko nakala nyingi zilizopo dukani leo. Dayaframu, gasketi, oringi, mipira, sindano ya kabureta, hivi nunua vipya kila unapofungua, hata kama vinaonekana vizima. Ukimwona fundi anataka kutupa pampu nzima kwa sababu ya dayaframu, mwombe akuachie hiyo pampu, uondoke nayo.

Pampu yenye kikombe cha kioo inavuja au haivuti. Spea zake zipo?

Zipo. Pampu hizo ni za AC, zinasukumwa na kamshafti, na paketi ya ukarabati ina dayaframu, vali na gasketi. Pampu mpya kamili za kunakili nazo zipo, na hapo lipo jambo la kuangalia: nyingine hazina kikombe cha kioo wala kijiti cha mkono. Zitafanya kazi, ila siku ukikaukiwa mafuta porini utakumbuka kile kijiti.

Kabla ya kununua chochote fungua kikombe, osha wavu ulio juu yake, badili gasketi ya kikombe. Hiyo gasketi ikikakamaa pampu inavuta hewa badala ya petroli, na ukitazama nje huoni tone. Kikombe kikazwe kwa vidole tu. Kioo kikipasuka ndipo utakapojua thamani yake.

Halafu vuta kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, na oili ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, dayaframu imechanika na petroli inashuka kwenye oili. Usiendeshe gari hilo hata hadi dukani. Badili dayaframu, mwaga oili, weka mpya.

Fundi anataka kunifungia pampu ya umeme ya Toyota. Nikubali?

Muulize ya Toyota ipi. Pampu inayotoka kwenye gari la EFI, lisilo na kabureta, linalonyunyiziwa petroli kwa umeme, inasukuma kwa nguvu ya psi (kipimo cha shinikizo) 35 na zaidi. Kabureta yako inataka chini ya psi 3. Sindano ndogo ndani ya kabureta haiwezi kuizuia pampu hiyo. Petroli itafurika juu ya manifoldi, na manifoldi ya injini hii inakaa jirani kabisa na njia ya moshi wa moto. Nimeshaona Land Rover iliyoungua hivyo. Kilichobaki ni bodi, na bodi ya aluminiamu nayo ilikuwa imeyeyuka upande mmoja.

Pampu ya umeme ya shinikizo dogo iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kabureta inafaa. Ifungwe karibu na tenki, iwe na fyuzi, na iwe na swichi inayokata umeme injini ikizima. Ukiwa na Series II au IIA ya kabla ya 1967 hivi, angalia betri kwanza: magari hayo yalitoka na waya chanya ndiyo uliofungwa kwenye chasi. Pampu nyingi za kisasa ukizifunga kinyume zinakufa papo hapo, na muuzaji hatakurudishia pesa.

Mipira ya mafuta niliyonunua inapasuka baada ya miezi michache. Kwa nini?

Kwa sababu umeuziwa mpira wa maji au wa upepo. Mpira wa petroli una maandishi ubavuni. Tafuta SAE J30, na baada yake R6 au R9. R9 ndiyo bora, inastahimili hata petroli yenye ethanoli. Mpira usio na maandishi yoyote uache hapo hapo, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake.

Ethanoli inatuhusu kwa njia mbili. Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli kwenye petroli tangu 1982, kwa hiyo ukishuka na gari kupitia Kasumulu unaijaza bila kujua. Pili, Uingereza ilihamia petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli Septemba 2021, na tangu hapo wauza spea wa huko wamekuwa wakitoa dayaframu na mipira inayoistahimili. Ukiagiza, omba hiyo. Ya zamani iliyokaa kwenye kabati la duka tangu miaka ya tisini, hata kama ni orijino na boksi lake, mpira wake umeshazeeka. Hapa uorijino haukusaidii.

Kuna na mafuta yaliyochakachuliwa. Uchakachuaji wa kutumia mafuta ya taa ulipungua nchini baada ya serikali kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, lakini petroli ya chupa ya kando ya barabara bado ni petroli ya chupa. Inaacha ulimbo kwenye jeti, na maji yake yanakwenda moja kwa moja chini ya tenki.

Kipimo cha kawaida cha bomba la mafuta la magari haya ni inchi 5/16, karibu milimita 8. Mpira wa milimita 8 unaingia. Klipu ziwe zile za mviringo kamili zenye skrubu ndogo. Waya wa kufungia si klipu.

Tenki limetoboka kwa kutu. Nichomelee au ninunue?

Kama ni tundu moja kwenye tenki lenye bati zima, fundi rejeta anaziba kwa risasi. Kama ukibonyeza kwa kidole bati linanyauka, usipoteze hela ya kuziba. Kesho litavuja pembeni yake.

Matenki mapya ya 88 na 109 bado yanatengenezwa Uingereza, ila kusafirisha tenki ni kulipia hewa, boksi ni kubwa kuliko uzito wake. Ndiyo maana wengi tunatengenezesha hapa. Gerezani, Dar es Salaam, kuna mafundi bati wanaoweza kukunakilia tenki ukiwapelekea la zamani kama kielelezo. Mambo ya kusimamia ni haya: bati liwe la chuma la kawaida, si la mabati yenye zinki, hasa kwa gari la dizeli, kwa sababu dizeli na zinki vikikaa pamoja hutoa uchafu unaoziba filta na nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Tundu la chini lenye nati ya kumwagia lisisahaulike. Na ile paipu ndogo ya kupumulia kwenye shingo la tenki irudi mahali pake. Mafundi huiona kama pambo.

Mchomeleaji anayetaka kuligusa tenki lililowahi kuwa na petroli kabla halijaoshwa kwa mvuke au maji ya moto, mwondolee gari lako. Tenki tupu lina hatari kuliko lililojaa, maana mvuke wa petroli ndio unaolipuka.

Langu ni la dizeli. Kuna spea kweli?

Wewe una bahati kuliko sisi wa petroli, ila wenye dizeli wengi hawaijui.

Pampu yako ni CAV aina ya DPA. Pampu ya familia hiyohiyo imo kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson yaliyolima Tanzania na Kenya kwa nusu karne. Filta nayo ni ya aina ya CAV 296, ileile inayouzwa kwenye duka lolote la spea za trekta. Usiende duka la Land Rover kuomba filta. Nenda Babati, Moshi, Iringa, Nakuru au Eldoret, mahali popote panapolimwa, ingia duka la trekta na filta yako ya zamani mkononi ulinganishe. Bei itakushangaza.

Mipira ya ndani ya pampu pia inapatikana kwa fundi pampu yeyote anayehudumia matrekta. Lakini pampu yenyewe ya trekta usiifunge. La Massey 135 ni la silinda tatu, lako ni nne, na hata ikiwa ya nne imepimwa kwa injini nyingine. Mpe fundi pampu yako aifungue, abadilishe mipira, aipime kwenye mashine kwa vipimo vya Land Rover. Fundi asiye na mashine ya kupimia si fundi pampu.

Nozeli vilevile zipimwe. Zinatakiwa kufunguka kwenye shinikizo la angahewa 135, na dizeli itoke kama ukungu. Ikitoka kama mkojo wa mbuzi, badili ncha peke yake, mwili wa nozeli unabaki. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba na washa ya chuma yenye mkunjo. Zote mbili ni za kutumika mara moja. Ya mkunjo ina upande wake, kwa hiyo kabla hujaing'oa ya zamani piga picha kwa simu. Nimeona mtu anazipiga nyundo zinyooke azirudishe.

Baada ya kazi, gari lisipowaka, hiyo si pampu mbovu. Ni upepo. Toa upepo kwenye filta kwanza, kisha kwenye pampu, kisha legeza nati za mabomba ya nozeli, huku mwenzako akipiga kijiti cha pampu ndogo, ile inayovuta dizeli kutoka tenki, au kuzungusha injini.

Namba ya spea ninaipata vipi, na kwa nini kila duka linaitaka?

Kwa sababu ukisema "kabureta ya Landrover" umesema vitu kumi. Namba inapatikana kwenye kitabu cha spea cha Land Rover cha Series yako, na vitabu hivyo vimenakiliwa sana, fundi mzee yeyote anacho au anamjua aliye nacho. Namba za zamani ni tarakimu tupu sita. Za baadaye zinaanza na herufi kama RTC, ERC au NRC, na za karibuni zaidi STC. Namba moja inaweza kurithiwa na nyingine, kwa hiyo muuzaji akikuletea boksi lenye namba tofauti usimwite tapeli mara moja. Muulize kama ndiyo iliyorithi.

Andika pia namba ya chasi pamoja na herufi ya mwisho. Ile herufi ndiyo inayoonyesha mabadiliko yaliyofanywa kiwandani. Na andika namba ya injini, kwa sababu niliyoitaja juu ya magari yaliyochinjwa.

Nitafute wapi kabla ya kuagiza nje?

Dar es Salaam anzia Kariakoo na Gerezani, kisha Mtaa wa Shaurimoyo kwa vilivyotumika. Nairobi ni Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kampala ni Kisekka. Hapa Arusha utalii ulijaza mji Land Rover, na ingawa gereji nyingi zimehamia kwenye Defender na Land Cruiser, vitu vya Series vipo kwenye rafu za nyuma, chini ya vumbi, vikisubiri mtu anayejua kuviomba kwa jina. Usiende na simu yenye picha tu. Nenda na kipande chenyewe mfukoni.

Kenya ina faida ya ziada: Land Rover ziliunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho leo ni KVM (Kenya Vehicle Manufacturers), kwa hiyo spea nyingi ziliingia nchini enzi hizo.

Halafu kuna magari ya kuchinjwa. Misheni, mashamba ya mkonge na ya kahawa, yadi za halmashauri: ulizia. Ukipata gari la kuchinja nunua kabureta pamoja na manifoldi yake, nyaya zake za mafuta na choki, na kile kifuniko cha tenki. Watu hung'oa kabureta peke yake halafu wanatumia mwezi mzima kutafuta kijiti cha kuunganisha na pedali.

Nikiagiza Uingereza nijiandae vipi?

Kodi inapigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, si bei ya kitu peke yake. Ndiyo maana oringi moja iliyosafirishwa kwa ndege inaweza kuwa oringi ghali kuliko zote Afrika Mashariki. Juu ya ushuru kuna VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 16 Kenya. Unganeni watatu wanne, agizeni mara moja, mgawane gharama.

Kabureta iliyotumika ikinuka petroli inakataliwa kwenye ndege. Mwambie muuzaji aioshe na kuikausha kabisa. Na mwombe akupigie picha ya maandishi kwenye mwili kabla hujatuma hela, si picha ya boksi.

Nitatambuaje feki?

Weber orijino za leo zinatengenezwa Uhispania na zimechorwa hivyo kwenye chuma, herufi safi, zenye kina. Nakala huwa na herufi zenye kingo za mviringo au hazina kabisa. Tazama jeti: orijino ina namba iliyochongwa kwenye shaba, nakala mara nyingine haina namba. Zungusha kipepeo, kikikwama hata kidogo, rudisha.

Kwa dayaframu, ikunje kwa vidole. Nzuri ina kitambaa ndani na inarudi kama ilivyokuwa. Mbaya inabaki na mkunjo.

Nakala si lazima ziwe mbaya zote. Kuna makampuni ya Uingereza kama Britpart na Allmakes yanayouza spea mbadala kwa majina yao wazi, na hizo si feki, ni mbadala. Feki ni kile kinachovaa jina lisilo lake. Boksi la kijani lenye neno "Genuine" linachapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa.

Je, petroli isiyo na risasi inaharibu mfumo wa mafuta?

Hapana. Nchi za kusini mwa Jangwa la Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na kabureta hazikujali. Kinachoweza kuathirika ni viti vya vali kwenye silinda hedi, na hilo ni duka jingine.

Naweza kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira kutoa tenki?

Usifanye. Chini ya tenki kuna nati. Weka ndoo, fungua nati, subiri. Na ukishamwaga, itikise hiyo ndoo kidogo uitazame chini kwenye mwanga: maji yatakaa kama shanga, kutu itakaa kama mchanga mwekundu. Kutu ikionekana, hiyo kabureta mpya unayotaka kuifunga kesho isubiri kwanza kwenye boksi lake mpaka tenki lioshwe.